Ubao wa Misumari



Kurasa hizi za jamaa zimezoea kubeba mambo ya malezi, mapishi ya Ramadhani na wasia kwa wanaoolewa. Wiki hii tunaomba nafasi ya kuzungumzia mchezo. Sisi ni mabinti wa ndugu wawili wa Faza, mji ambao wazee wetu mpaka walipofariki waliuita Rasini. Tulikuwa watoto katika miaka ya 1970. Leo tuna wajukuu, na maisha yametutawanya: wawili wangali Faza, wawili wako Mombasa, mmoja Lamu na mmoja Maskati. Tunaandika kwa sauti moja kwa kuwa kumbukumbu hii ni ya sote, na hakuna miongoni mwetu anayeweza kuisimulia peke yake bila wenzake kumkata kauli na kumsahihisha.

Mchezo wenyewe ni ule wa gololi ya chuma inayorushwa juu ya ubao ulioinama. Gololi hupanda, hugeuka, kisha huteremka ikigonga misumari na vizuizi, na kila inapogonga au kutumbukia humpa mchezaji alama. Katika nchi za Magharibi mchezo huu una mashine yake kubwa ya umeme, yenye miguu minne, kioo na taa, nao huiita pinboli. Sisi tuliujua kwanza bila umeme wala kioo, juu ya mkeka, katika ukumbi wa nyumba ya nyanya.

Aliyetuletea ni ami yetu, ndugu mdogo wa baba zetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alifanya kazi bandarini Kilindini, na huko Mombasa aliiona mashine hiyo mahali walipopumzikia mabaharia wa meli za kigeni. Alituambia kwamba hakuicheza, aliitazama tu. Aliitazama jioni nyingi kama fundi anavyoitazama mashua ya mwenziwe, akitaka kujua imeungwa vipi. Aliporudi Faza kwa Idi hakuleta mashine, maana ingemshinda hata kuishusha kwenye boti. Alileta mfuko wa misumari midogo, na akaanza kuomba vipande vya mbao mji mzima.

Ubao wa chini ulitoka kwenye sanduku la majani ya chai, zile mbao nyembamba za matabaka zilizofika na bidhaa za dukani. Kingo zilikuwa mabaki ya mbambakofi aliyopewa na fundi wa majahazi, mazito kiasi kwamba ubao haukuweza kusogezwa na mtoto mmoja. Misumari aliigonga nusu, safu kwa safu, na mingine akaipinda kidogo pale alipotaka gololi igeuke. Springi hakuwa nayo. Alikata utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu, akaufunga kwenye kijiti. Ukikivuta na kukiachia, kiliipiga gololi ikapanda mfereji wa upande wa kulia hadi juu. Matundu matano yalitobolewa ubaoni, chini yake kukafungwa vifuu vya nazi, na kando ya kila tundu ami aliandika alama kwa tarakimu za Kiarabu, kwa kuwa ndizo tulizojifunza chuoni kabla hatujazijua zile za skuli. Juu kabisa, kwenye waya, alitundika njuga mbili za shaba. Gololi yenyewe ilitoka ndani ya beringi ya mashine ya boti iliyokuwa imekufa. Aliiosha kwa mafuta ya taa hadi ikang'aa, na mmoja wetu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akaisadiki kuwa ni lulu.

Ili ubao uiname, kichwa chake kiliegemezwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Kila siku mchezo wetu ulikuwa na mwisho wake ulioandikwa: nyanya akiitaka mbuzi yake, hapana mazungumzo, hata kama gololi iko njiani kuelekea kwenye mia. Tulijifunza kumuomba Mungu siku za mchuzi usio wa nazi.

Watoto wa kisiwani huvipa vyombo majina, na ubao ule tuliuita Tawakali, jina la mashua nyingi za pwani. Lilifaa, maana ukishakiachia kijiti, gololi haiko tena mikononi mwako. Lakini tuligundua upesi kwamba si kweli kwamba huna la kufanya. Mpira ulivutika kwa kiasi ulichotaka. Ukiuvuta upana wa vidole vitatu, gololi ilifika njuga. Ukiuvuta vidole viwili na nusu, iligonga msumari wa pembeni, ule uliopindwa zaidi, ikashuka katikati. Tena palikuwa na ufa. Matabaka ya ubao yalikuwa yameachana kidogo upande wa kushoto, na ufa huo, usioonekana na mgeni, uliikamata gololi na kuisindikiza hadi kwenye tundu la hamsini. Wakati wa kaskazi, mbao zilipokauka, ufa ulipanuka na hamsini zikawa nyingi. Kusi ilipoingia na mvua zake, ubao ulifura, ufa ukaziba, na alama zetu zikashuka sote kwa pamoja. Hatujapata kuona mchezo mwingine unaofuata misimu ya upepo.

Aliyekuwa bingwa ni yule wa tatu kati yetu. Alitumia mkono wa kushoto, jambo lililompatia makemeo mengi kwenye sinia la wali, lakini mbele ya Tawakali nyanya alimwachia. Alikaa kitako, akafumba jicho moja, akavuta mpira taratibu kama anayechomoa mwiba. Wengine tulivuta kwa pupa. Yeye aliweza kutaja tundu kabla ya kuachia, na katika mara tano alilipata mara tatu. Tuliwahi kumshuku kuwa anasoma dua ya siri. Alipobanwa alisema anauhesabu ukimya: huachia pale gololi inapoacha kutikisika mferejini. Hadi leo, katika mikutano yetu ya simu, huyo ndiye anayeongea mwisho.

Mji mdogo hauna siri, na habari za ubao wenye kengele zilimfikia mwalimu wetu wa chuo. Tuliogopa. Wavulana wa mtaa wa pili walikwisha kueneza kwamba ni mashine ya kamari ya Wazungu, na kwamba ami ameleta ufisadi kutoka bandarini. Mwalimu hakutuma mtu kuuliza. Alikuja mwenyewe baada ya alasiri, akapiga hodi, akakaa barazani na kahawa yake akiutazama ukumbi kupitia mlango uliokuwa wazi. Alituamrisha tuendelee kama kwamba hayupo, amri ngumu kuliko zote alizowahi kutupa. Siku ya kwanza hakusema neno. Akarudi siku ya pili. Siku ya tatu alimwambia ami, nasi tunasikia: "Aliyeshinda leo ni yuleyule wa jana na juzi. Bahati haina kawaida ya kumpenda mtoto mmoja siku tatu." Kisha akaweka masharti mawili: pasiwekwe kitu chochote cha thamani juu yake, na gololi isilie wakati wa adhana. Akaondoka bila kuucheza, ingawa ami aliapa kwamba aliona vidole vya mwalimu vikipima upana wa mpira hewani.

Sharti la kwanza lilijaribiwa mapema. Wavulana walewale waliokuwa wakitusema walikuja na senti kumi kumi mfukoni, wakataka mshindi achukue zote. Nyanya aliitwaa gololi bila maneno, akaifungia kwenye kibweta chake siku saba. Ilipotoka, tukadhani tumepata njia: badala ya senti tuweke kashata, kila mmoja kipande chake, na mwenye alama nyingi ale zote. Kashata ni nini? Ni sukari na nazi. Nyanya alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akasema: "Leo kashata, kesho bangili." Gololi ikarudi kibwetani. Tuliliona neno hilo kuwa la mtu mkali asiyejua mzaha, na kwa miaka mingi tulilitumia kama utani tukitaka kumzuia mwenzetu asinunue kanzu ya pili.

Sasa Mombasa. Mwaka mmoja, baada ya Idi ndogo, ami aliwachukua watatu wetu kwa mashua hadi Lamu, kisha Mokowe, kisha kwa basi la siku nzima hadi mjini. Tulipelekwa Makadara, kwenye pembea za Idi, tukala achari za maembe mpaka midomo ikawa myekundu. Yote hayo tumeyasahau nusu. Tusichokisahau ni duka moja la aiskrimu ambamo, pembeni, ilisimama mashine yenyewe, mzazi wa Tawakali.

Ilikuwa ya zamani hata wakati ule. Chini ya kioo palichorwa farasi wanaokimbia, na alama hazikuandikwa kwa taa bali zilizunguka kwenye vigurudumu vya tarakimu, kila kimoja kikigeuka kwa mlio wake: tik, tik, tak. Ami alitoa shilingi moja, yenye kichwa cha Mzee Kenyatta, akaitia. Ndani ya tumbo la mashine kitu kiliamka. Gololi ilikuwa nzito, kubwa kuliko yetu mara mbili, na ilipogonga vile viguzo vya duara vyenye mpira, ilitupwa kwa nguvu ya umeme, kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Na chini kabisa, pale ambapo kwa Tawakali gololi hupotea na kazi kwisha, palikuwa na vikono viwili. Ukibonyeza kitufe ubavuni, kikono hunyanyuka na kuirudisha gololi juu.

Itakuwa vigumu kumweleza mtoto wa leo furaha ya vikono vile. Maana yake ni kwamba mchezo hauishi kwa kuwa ulimwengu una mteremko. Unaisha pale utakapochoka au utakapozubaa. Mdogo wetu alisimama juu ya kreti ya soda ili afikie. Alipoona gololi inataka kuponyoka, aliisukuma mashine kwa nyonga, kama tulivyozoea kuutikisa ubao wetu nyanya akiwa hatazami. Taa zote zikazima. Vikono vikafa ganzi. Ami alicheka hadi akashika ukuta: ndani, alieleza, mna timazi, kipande cha chuma kinachoning'inia ndani ya pete, kama timazi ya mwashi; ukiitikisa mashine kupita kiasi, chuma kinagusa pete na mashine inakataa. "Imenuna," alisema mdogo wetu. Tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, mtu akinyamaza kwa hasira husemwa kwamba ametikiswa.

Shilingi moja iliwatosha watoto watatu. Mshindi alipewa mchezo mwingine wa bure, basi. Hapakuwa na sarafu iliyorudi.

Tuliporudi Faza tulimsumbua ami mpaka akaunda ubao wa pili, Subira, wenye vikono vya mti vilivyozunguka kwenye msumari na kuvutwa kwa kamba. Vilikuwa vizito na vya uvivu, na jina lilitokana na hayo. Wa tatu aliuita mwenyewe Mkanda, kwa ile njia nyembamba ya bahari ambayo vyombo vya kwetu hupita kwenda Lamu na ambayo maji yakitoka humtia nahodha mashakani. Katikati yake palikuwa na safu mbili za misumari zilizokaribiana, na gololi ikipita hapo bila kugusa, mchezaji hupata mia tano. Waliofaulu wanahesabika. Wawili kati yetu wanaupenda Mkanda kuliko zote kwa ugumu wake. Wanne tungali watu wa Tawakali, na ufa wake, na njuga zake. Mjadala huu haujafungwa.

Tulipokuwa watu wazima, mmoja wetu alianza kusoma habari za mashine hizi, na aliyoyakuta yalitufanya tumkumbuke mwalimu wa chuo. Asili yake ni mchezo wa mezani wa Ufaransa ya karne ya 18, ulioitwa bagatelle. Mwaka 1871 Montague Redgrave, huko Cincinnati, Marekani, alipata hataza ya kijiti cha springi. Katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, mafundi wa Chicago walizitengeneza kwa wingi, kwa kuwa senti moja ya mtu asiye na kazi ilimnunulia dakika chache za kusahau. Vikono vilikuja mwaka 1947 tu. Kabla ya hapo mashine zao zilikuwa kama Tawakali: unarusha, kisha unatazama. Na nyingi ziligeuzwa vyombo vya kamari. Wengine walilipwa pesa na mwenye duka kwa alama zao. Mashine nyingine zilitoa malipo zenyewe. Ndipo Januari 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, alipozipiga marufuku. Polisi walizitoa madukani, na meya alipigwa picha akizivunja kwa nyundo kubwa.

Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30. Iliondolewa mwaka 1976, na namna ilivyoondolewa ni kisa cha kupendeza. Wajumbe wa baraza la jiji walitaka kujua jambo moja: huu ni mchezo wa bahati au wa ustadi? Mwandishi kijana aliyeitwa Roger Sharpe aliletwa acheze mbele yao. Alicheza, nao hawakuridhika. Basi akavuta kijiti, akawaambia kabla ya kuachia ni njia gani gololi itapita. Ikapita hapohapo. Wakapitisha uamuzi kwamba ni ustadi. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba bahati ilimsaidia siku ile, na tunampenda kwa kukiri huko. Dada yetu wa mkono wa kushoto anasema angewaonyesha mara tatu.

Lakini kipimo kile si cha New York peke yake. Katika vitabu vya fikihi vya madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, wanavyuoni walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla, wakijadili sataranji na nardi. Nardi, wenye dadu, wengi waliuharamisha. Sataranji Imam Shafii aliichukia bila kuiharamisha, maadamu hapana mali inayowekwa na hapana sala inayopitishwa. Na waliokuja baadaye wakatofautisha mchezo unaotegemea hesabu na fikra na ule unaotegemea kubahatisha. Sisi si wanavyuoni, na mwenye haja ya fatwa akamuulize sheikh wake. Tunasema tu kwamba mwalimu wetu wa Faza, na kahawa yake barazani, alikuwa akitafuta jambo lilelile, na alilitafuta kwa siku tatu badala ya kupiga nyundo siku ya kwanza.

Tunaandika haya leo kwa sababu ya kijana wetu. Tutamwita hivyo tu. Ni mtoto wa mmoja wetu, ana miaka 22, mpole, mswalihina, mwenye mkono wa kazi. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tumezizoea zile mashine za kamari za kutia sarafu za shilingi 20, zilizoingia mpaka vibanda vya vijijini katika Kenya nzima, zikiwa na taa na milio ya kupendeza. Mwaka 2018 serikali iliamuru msako, nyingi zikakamatwa na kuharibiwa, nasi wazazi tukashusha pumzi. Hatukujua kwamba mashine ilikuwa inahamia tu kwenye simu. Kijana wetu alikuwa akicheza usiku, chini ya shuka, mchezo wa kijindege kinachopaa. Kadiri kinavyopaa ndivyo pesa zako zinavyozidishwa, na unatakiwa kuzitoa kabla hakijatoweka. Alianza kwa shilingi 10. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa ameiweka rehani mashine ya boti ya baba yake, ile ya kufungwa nyuma, ambayo familia nzima ililia na kuchangishana kuinunua. Baba aliambiwa iko kwa fundi. Wiki tatu alivua karibu karibu, kwa tanga la kuazima.

Yalipofichuka hapakupigwa kelele, maana mama yake alitutaka tuje kwanza. Tuliokuwa Mombasa tulisafiri. Wa Maskati alikuwa kwenye simu, imeegemezwa kwenye birika. Tulikaa naye ukumbini. Wanaume walikuwa wameandaa maneno ya haramu na halali, ya kweli yote, na kijana aliyajua yote kwa moyo, kuliko sisi. Alikuwa ameinamisha kichwa akiyaitikia moja baada ya moja, na tuliona wazi kwamba hayaingii mahali popote.

Ni yule wa tatu, wa mkono wa kushoto, aliyemuuliza: "Mwanangu, kadiri ulivyocheza, ulizidi kujua?"

Kijana alinyanyua kichwa. Alijibu kwamba mwanzo alidhani hivyo. Aliandika daftari zima la nyakati na tarakimu, akitafuta kawaida ya kijindege. Alituletea daftari hilo. Kurasa na kurasa, hati nzuri, mistari iliyopigwa kwa rula. Shangazi yake aliligeuza karatasi baada ya karatasi bila haraka, akamuuliza mshindi wa ukurasa wa kwanza alikuwa nani, na wa ishirini, na wa mwisho. Hapakuwa na mtu ndani ya daftari lile. Kidole chake kilikuwa kikigusa kioo, lakini hakuna alichokuwa akikivuta. Akamweleza habari za ufa wa Tawakali, jinsi ulivyozibwa na kusi na kufunguka kaskazi, na kwamba ilimchukua misimu miwili kuujua. Kijana alisikiliza kwa namna ambayo hakuwa amewasikiliza wanaume. Kisha akalia, na tukamwachia.

Mashine ya boti ilikombolewa. Mama yake alivua bangili moja ya dhahabu, katika zile mbili alizopewa siku ya arusi yake, akampa mmoja wetu aende nayo Lamu kwa sonara. Hapana aliyesema kitu. Sote tulikuwa tumelikumbuka neno la nyanya la mlangoni, kila mmoja kivyake, na tulikuja kuambizana baadaye sana.

Wala hatudai kwamba amepona. Simu yake sasa ni ya vitufe, kwa ridhaa yake. Wiki nyingine huwa mwepesi, wiki nyingine hukaa pwani peke yake hadi usiku, na mama yake husimama dirishani. Tunazijua familia nyingine za visiwani zenye daftari kama lile, na baadhi yao hazina bangili.

Tawakali haupo tena. Uliungua, pamoja na Subira, katika ule moto mkubwa wa Faza uliokwenda na makuti ukateketeza mamia ya nyumba. Mkanda ulikuwa umekwisha kuliwa na mchwa kabla ya hapo. Ami hakuacha mchoro. Miezi miwili iliyopita kijana wetu alituuliza, kana kwamba ni jambo dogo, safu zilikuwa ngapi. Tukampa majibu sita tofauti. Ameanza hivyo hivyo. Amepata mbao za matabaka kutoka Lamu, mbambakofi amepewa na fundi yuleyule wa majahazi, au tuseme mwanawe, na gololi imetoka kwenye beringi kuukuu ya mashine ya baba yake, iliyobadilishwa iliporudi kutoka rehani. Anagonga misumari baada ya isha, na nyundo yake inasikika mpaka nyumba ya tatu. Jirani mmoja amelalamika, kwa haki. Vikono ameviacha kwanza. Anasema anataka kuujua mteremko. Mbuzi ya nyanya ingalipo, na tumeipima: kichwa chake kina urefu wa shubiri moja na vidole viwili, ingawa dada yetu wa Maskati anashikilia kwamba enzi zetu ilikuwa juu zaidi, na kwamba miguu imelika kwa kukaliwa.

Kinachotushinda ni njuga. Zinazouzwa siku hizi ni za bati, zinalia kama kopo. Tunatafuta zile za zamani za shaba, za ukubwa wa kungu, walizokuwa wakifunga wachezaji ngoma miguuni. Mbili zinatosha. Aliye nazo, awe Siyu, Kizingitini, Mbwajumwali au kokote, na yuko tayari kuziuza au kuziazimisha, tafadhali awaachie habari wenye jarida hili, nasi tutamtuma kijana azifuate kwa mashua.